Kitabu cha Mtoto Mikononi mwa Baba

  

Yaliyo mashuhuri kwa kuvunja nyumba za Waislamu yanajulikana: ulevi, kamari, wivu usio na sababu, ubahili wa mume na ukali wa ulimi wa mke. Leo twataka kusema juu ya jambo dogo, ambalo wengi watalicheka wakilisikia kwa mara ya kwanza. Nalo ni jambo la mume au mke aliyeshikwa na kitabu. Wala si kitabu cha fikihi au cha tafsiri, bali ni kitabu cha hadithi za watoto, chenye picha, ambacho mtoto hupewa shuleni ajifunze kusoma.

Mwenye kucheka na acheke, lakini ajue kwamba jambo hili lilikaribia kuleta talaka katika nyumba moja hapa Karatu, nyumba yenye watoto watatu, na mume asiyekunywa wala kuacha sala. Wenyewe wameturuhusu kulieleza pasipo kuwataja majina, ili wenzao wapate manufaa.

MAISHA YA KARATU

Msomaji aliye mbali na afahamu kwanza hali ya kwetu. Karatu ni mji ulio juu ya njia kuu itokayo Arusha, ikapita Makuyuni na Mto wa Mbu, ikapanda mpaka lango la Lodoare, ambalo ndilo mlango wa Ngorongoro. Wenyeji wengi ni Wairaqw, wakulima wa mahindi, ngano, maharage na mbaazi, na sisi Waislamu tu wachache kati yao. Tangu Ngorongoro ilipofanywa hifadhi mwaka 1959, na zaidi tangu dunia nzima ilipoitambua kuwa urithi wake mwaka 1979, watu wa mji huu wengi wamepata riziki kwa wageni. Huyu ni mpishi wa kambi, yule ni fundi wa magari, na mwingine ni dereva wa watalii.

Kazi ya dereva si nyepesi. Hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, akapanda katika ukungu na baridi mpaka ukingo wa bonde, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kisha akateremka chini kiasi cha mita 600. Kutwa nzima huwaonyesha wageni faru, simba na viboko, na saa kumi na mbili ya jioni haimkuti chini huko. Tena yampasa aseme. Mgeni hulipa apate kuona, lakini hufurahi zaidi akipata wa kumsimulia, na dereva mwenye masimulizi mazuri ndiye apewaye bakhshishi nzuri. Basi hurudi nyumbani ulimi umechoka. Maneno yake mema ameyagawa kwa watu wa Ulaya na Marekani, na mkewe hupewa yaliyosalia, nayo ni, "Chakula ki tayari?" na "Nimechoka."

Mume tunayemsimulia ni mmoja wa madereva hao. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zilipoanza na wageni wakapungua, alikaa nyumbani. Siku moja akaokota katika mfuko wa mwanawe wa darasa la nne kitabu cha Hekaya za Abunuwasi. Akakifungua kwa mchezo, akasoma ukurasa, akasoma wa pili, hata adhana ya Alasiri ikamkuta pale pale.

MAMBO YALIVYOKUWA

Tangu siku hiyo akawa hana jingine. Akila, kitabu ki karibu na sahani. Akimaliza Isha, huvuta taa ya umeme wa jua upande wake akasoma, na mkewe akawa anapepeta mchele gizani. Alikimaliza akakianza tena. Akaazima kingine kwa jirani, na kingine kwa mwalimu wa shule. Usiku mkewe humsikia akicheka peke yake. Humwuliza, "Wacheka nini, Baba watoto?" naye humjibu, "Hakuna kitu, lala."

Mtoto naye akapata taabu yake, kwa kuwa mara mbili alifika shuleni hana kitabu, na kitabu ki ndani ya gari la baba yake. Alipokuja chuoni kwetu alasiri nilimwona ana huzuni, nikamwuliza, akanieleza. Hapo ndipo nilipopata habari hizi kwa mara ya kwanza.

Mke alivumilia majuma sita. Shetani akampitishia mengi moyoni: pengine mna barua ndani ya kitabu, pengine ni hila ya kutosema naye, pengine kuna mwanamke mwingine. Alipoona moyo wamdhiki, alikichukua kitabu akakizika katika gunia la mbaazi. Mume alikitafuta siku mbili. Alipokigundua alikasirika ghadhabu kubwa, akasema, "Kama huwezi kukaa na mimi na kitabu changu, nenda kwenu." Mke akafunga nguo zake, akamchukua mtoto mdogo mgongoni, akaenda kwa kaka yake Mto wa Mbu.

Hapo, ndugu msomaji, mchezo ulikuwa umekwisha. Kwani neno "nenda kwenu" si neno la kutupwa ovyo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi ni miongoni mwa maneno ya kinaya: mume akilitamka kwa nia ya talaka, talaka hupita, na asiponuia, haipiti. Dalili yake mashuhuri ni kisa cha Kaab bin Malik (R.A.), aliyebaki nyuma katika vita vya Tabuk. Alipoamrishwa ajitenge na mkewe, alimwambia aende kwa watu wake, wala haikuwa talaka. Mume aliulizwa na sheikh mbele ya mashahidi juu ya nia yake, akaapa kwamba hakunuia kuacha. Ndoa ikawa imesalimika. Lakini ni wangapi wanaotamka neno hilo kila wiki, wala hawaulizwi, wala wenyewe hawajiulizi?

SULUHU

Mwenyezi Mungu ametuelekeza katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, kwamba panapochelewa ugomvi kati ya mke na mume, apelekwe mwamuzi kutoka kwa watu wa mume na mwamuzi kutoka kwa watu wa mke. Na wote wawili wakitaka mapatano, Mungu atawapatanisha. Kwa upande wa mke alikuja kaka yake. Upande wa mume hapakuwa na jamaa wa karibu, basi wakanitaka mimi mwalimu wa mtoto wao.

Tulimwuliza mume kwanza: "Una nini na kitabu hiki, nawe ni mtu mzima?" Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, mimi nilisoma shule miaka ya tisini. Kitabu kimoja tulikisoma watoto wanane. Mimi nilikuwa mfupi, nikisimama nyuma, sikupata kuona ila migongo ya wenzangu. Nimemaliza darasa la saba sijapata kushika kitabu cha hadithi mkononi mwangu peke yangu. Hiki ndicho cha kwanza nilichokianza nikakimaliza."

Na aliyoyasema ni kweli, wala si yake peke yake. Taifa letu lilipofanya hesabu mwaka 1967, karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Serikali ikafanya juhudi kubwa. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1974 likaja agizo la elimu ya msingi kwa wote. Watu wakajua kusoma, lakini vitabu vya kusoma vikawa haba. Hata mwaka 1991 uliundwa mradi maalumu wa vitabu vya watoto Tanzania, kwa sababu ya uhaba huo huo. Basi wako wanaume na wanawake wengi leo wanaojua herufi zote, na hawajapata kuonja utamu wa hadithi kwa macho yao. Mtu wa namna hii akishika kitabu cha mwanawe, husoma kwa ajili ya yule mtoto mfupi aliyesimama nyuma.

Tukamgeukia mke. Twalidhani atasema kwamba akichukia kitabu. Alisema: "Mimi sikukichukia kitabu. Nilichukia kuwa anacheka peke yake."

Neno hili ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

ASILI YA HEKAYA HIZI

Kabla ya kuendelea yafaa tuseme juu ya kitabu chenyewe, maana wako waliosema palepale kikaoni kwamba dawa ni kukichoma moto. Hekaya za Abunuwasi zimesomwa shuleni Afrika ya Mashariki tangu siku za Waingereza, na kabla ya kuchapwa zilisimuliwa vibarazani na mabibi zetu. Ni nani asiyejua kisa cha maskini aliyekula chakula chake kikavu kwa harufu ya kitoweo cha tajiri, akashitakiwa alipe, Abunuwasi akamlipia tajiri kwa mlio wa fedha? Au kisa cha sufuria iliyoazimwa ikazaa, na mwenyewe akapokea mtoto wake kwa furaha, hata alipoambiwa kuwa mama amekufa akakataa kusadiki?

Yafaa mzazi amfahamishe mwanawe kwamba Abunuwasi huyu wa hekaya siye Abu Nuwas wa tarikh. Yule alikuwa mshairi mkubwa wa Baghdad, jina lake Al-Hasan bin Hani, aliyeishi zama za Khalifa Harun al-Rashid, ambaye alitawala tangu mwaka 786 hata 809. Mashairi yake mengi yalikuwa ya kusifu ulevi, wala hayatufai kuyafuata. Watu wa baadaye walichukua jina lake wakalivika visa vya werevu ambavyo Waarabu wengine huvieleza juu ya Juha, na Waturuki juu ya Nasreddin. Vikapanda majahazi pamoja na tende, vikashuka pwani yetu, vikavaa kanzu na kofia ya Kiswahili.

Na si hivyo tu. Mwingereza Edward Steere alipochapisha London mwaka 1870 hadithi alizozisikia Unguja, mlikuwamo kisa cha kima aliyemdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Asili yake ni kisa kilichomo katika Kalila na Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya pili ya Hijra. Kitabu hicho ni mazungumzo ya wanyama, na kiliandikwa kwa ajili ya kuwafunza wafalme adabu ya kutawala. Basi mtu mzima kusoma hadithi ya kima si aibu iliyozushwa jana.

Ama wanaosema kwamba hadithi za kubuni ni uongo, jibu ni kwamba mwongo ni yule anayetaka asadikiwe. Msimulizi wa mfano hataki msikilizaji asadiki kwamba sufuria huzaa. Ataka auone uchoyo ulivyo. Kilichokemewa katika Sura ya Luqman, aya ya 6, ni maneno ya upuuzi yanayonunuliwa ili yapoteze watu na njia ya Mungu. Na wafasiri wamemtaja Nadhr bin al-Harith, aliyekuwa akileta visa vya wafalme wa Uajemi ili watu waache kuisikiliza Kurani. Basi mizani iko wazi. Hadithi ikikutoa katika sala, katika kazi na katika haki ya watu wako, imekuwa ya Nadhr. Isipokutoa, ni starehe ya halali.

HAKI YA MWENZIO

Sasa tuje kwenye shina la jambo. Kosa la mume huyu halikuwa kusoma. Kosa lake ni kwamba alifungua mlango, akaingia peke yake, akaufunga nyuma yake.

Imam Bukhari amepokea kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.), ambao Mtume (S.A.W.) aliwafanya ndugu. Salman alimzuru nduguye akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, hakujipamba, nguo zake za taabu. Alipomwuliza, alijibu kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Mchana alikuwa akifunga, na usiku alitaka kusimama kusali. Salman akamlazimisha ale, akamlaza usiku, na ulipofika mwisho wa usiku wakasali pamoja. Kisha akamfahamisha kwamba Mola wake ana haki kwake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipopelekewa habari alimsadikisha Salman.

Tazama, ndugu yangu. Ikiwa mtu alizuiliwa kuzidisha ibada mpaka akamsahau mkewe, je, mwenye kumsahau kwa ajili ya Abunuwasi ana hoja gani?

Na kama wataka kujua Mtume alivyokuwa nyumbani, isome hadithi ya Ummu Zari katika Bukhari na Muslim. Bibi Aisha (R.A.) alimsimulia mumewe kisa kirefu cha wanawake kumi na mmoja waliokutana, wakaahidiana kusema kweli juu ya waume zao, mmoja baada ya mmoja. Mtume wa Mungu, mwenye umma mzima mabegani, hakumkatiza. Alisikiliza mpaka wa kumi na moja, kisha akamwambia kwamba yeye kwake ni kama Abu Zari kwa Ummu Zari. Yaani hakusikiliza kwa sikio tu, bali alijitia yeye na mkewe ndani ya hadithi. Na katika Sunan ya Abu Daud imo habari ya siku alipoona kati ya wanasesere wa Bibi Aisha farasi mwenye mbawa za kitambaa. Alimwuliza habari zake, naye akamjibu kwa kumtaja Nabii Suleiman na farasi wake wenye mbawa, Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Kicheko hicho kilikuwa cha watu wawili.

Wako wanaoshika hadithi ya kuchukiza mazungumzo baada ya Isha. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini Ibn Abbas (R.A.) aliyelala nyumbani kwa shangazi wa upande wa mama, Bibi Maimuna, ameeleza kwamba Mtume alizungumza na mkewe kitambo kabla ya kulala. Basi mazungumzo ya mtu na mkewe hayamo katika makatazo.

TULIYOAFIKIANA

Waamuzi wawili tuliandika mambo matatu, na mume na mke wakaridhia. La kwanza, kitabu ni cha mtoto. Kila usiku kirudi katika mfuko wake. La pili, baada ya Isha taa iwekwe kati ya watu, isiwe upande wa mmoja, na hadithi isomwe kwa sauti, moja au mbili, kisha watu walale wapate kuamka Alfajiri. La tatu, kabla ya kitabu kufunguliwa, mume amwulize mkewe habari za siku yake, na mke amwulize mumewe, na kila mmoja amngoje mwenziwe amalize.

Mke alirudi nyumbani kwake siku ya tatu. Hatusemi kwamba tangu hapo hawajakosana. Nyumba isiyokosana haipo. Wageni walipoanza kuja tena mwezi wa Juni, mume alirudi katika safari zake za bondeni. Mkewe alinieleza kwa salamu kwamba siku hizi akitoka bondeni humletea hadithi ya yale aliyoyaona, kama anavyowapa wageni, na kwamba mtoto wao sasa ndiye msomaji wa nyumba, na baba humsahihisha.

NASAHA

Enyi waume, mkewe mtu hashindani na kitabu kwa sababu ni mjinga. Hushindana nacho kwa sababu kimepewa uso wenu naye amepewa kisogo. Enyi wake, msikizike kitabu katika gunia, wala msifuate dhana. Ulizeni kwa upole, tena ombeni msomewe, au someni nyinyi. Na ikiwa mke ndiye aliyeshikwa, hukumu ni moja. Mume asimwone mtoto kwa kuwa asoma cha watoto. Huenda naye alisimama nyuma ya migongo ya wenziwe, au alitolewa shule aolewe kabla ya kufika ukurasa wa mwisho.

Na haya tuliyoyasema juu ya kitabu yapimwe kwa simu ya mkononi, ambayo imewashika walio wengi zaidi. Tena kitabu kina heri moja isiyokuwamo katika simu: kina mwisho, na chaweza kusomwa kwa sauti mbele ya mke, watoto na jirani pasipo mtu kuona haya.

Mwenyezi Mungu amesema nasi katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 21, kwamba katika ishara zake ni kutuumbia wenzi wa jinsi yetu ili tupate utulivu kwao, na kwamba ametia kati yetu mapenzi na huruma. Utulivu huo haupatikani kwa kukaa chini ya paa moja tu. Twamwomba Mola atupe nyumba ambazo taa yake huwekwa katikati, na wanaocheka ndani yake hucheka pamoja. Amin.